Daftari la jana halijibu swali la leo: Vyama vya kahawa vijipange upya

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande huo, vyama vyetu vya msingi vya ushirika havina kesi ya kujibu. Ingia katika ofisi ya chama kinachokusanya kahawa mkoani Kagera au Ruvuma, utayakuta madaftari yamepangwa mezani na mengine yamejaa kabatini. Lipo la wanachama, lipo la mapokezi ya mazao, lipo la malipo na lipo la madeni ya pembejeo.

Tatizo lipo kwingine. Kila daftari hufunguliwa ili kujibu swali fulani. Swali likibadilika, daftari hubaki na majibu ya swali ambalo hakuna tena anayeliuliza. Hali ni hiyo hiyo hata pale ambapo daftari limehamishiwa kwenye kompyuta.

Kwa miaka mingi swali kubwa la chama cha msingi lilikuwa moja: mwanachama huyu ameleta kilo ngapi na tunamdai au anatudai kiasi gani? Sasa mnunuzi wa Ulaya anauliza jingine kabisa. Anataka kujua kahawa iliyomo ndani ya gunia imetoka katika shamba gani, na shamba hilo lilikuwa na hali gani miaka kadhaa iliyopita.

Makala haya yanaangalia jinsi vyama vyetu vinavyoweza kuibadili mifumo yao ya taarifa ili ijibu swali hilo, na kwa nini namna tutakavyoibadili ina uzito kuliko kasi ya kuibadili.

Sheria inadai nini

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, namba 2023/1115, na ilianza kuwa sheria kamili 29 Juni 2023. Inahusu mazao na bidhaa za makundi saba: kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, ng'ombe na mbao.

Kwa lugha nyepesi, kahawa haitaruhusiwa kuingia katika soko la nchi hizo iwapo imelimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Anayeiingiza sokoni ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Ili athibitishe anahitaji majiranukta ya kila shamba lililochangia mzigo wake, na anatakiwa kutunza kumbukumbu hizo kwa miaka mitano. Akikiuka, faini ya juu kabisa haitakiwi kuwa chini ya asilimia nne ya mauzo yake ya mwaka katika Umoja huo.

Shamba lisilozidi hekta nne, yaani takriban ekari 10, linatosha kuwa na nukta moja ya latitudo na longitudo. Linalozidi hapo linahitaji mpaka wake wote uchorwe. Kwa wakulima wetu wengi wenye vibanja na vihamba, hii ni nafuu kubwa.

Lakini kuna kifungu ambacho hakina nafuu. Sheria haikubali kuchanganya. Huwezi kusema asilimia 90 ya mzigo inajulikana ilikotoka na asilimia 10 haijulikani. Magunia machache yasiyo na asili yakimwagwa kwenye lundo moja na mengine, lundo zima linakosa sifa.

Hapo ndipo suala la mazingira linapogeuka kuwa suala la utunzaji wa taarifa. Mkulima ambaye hajawahi kukata mti hata mmoja wa msituni anaweza kukosa soko kwa sababu tu chama chake kinamjua kwa jina na kilo, ila hakilijui shamba lake.

Swali si la kwanza kubadilika

Wapo watakaosema hili ni jambo geni lililoletwa na wageni. Kumbukumbu zetu wenyewe zinaonyesha vinginevyo.

Tuanzie kwenye korosho. Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei kati ya wakulima na wanunuzi, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuikusanya. Katika kuwadhibiti walanguzi wa kangomba, malipo yakaambatana na uhakiki. Timu zikaenda vijijini kuangalia nani ana shamba kweli na ukubwa wake ni upi.

Ukitazama kwa makini, swali lilikuwa lile lile la Ulaya leo: mzigo huu umetoka shamba gani? Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliokuwa umetumika kwenye korosho tangu msimu wa 2007/08, ulijengwa ili kujibu nani kaleta kilo ngapi na ghala gani limepokea. Kwa kazi hiyo ulifaa. Swali la shamba lilipokuja, jibu likabidi litafutwe kwa miguu huku wakulima wakisubiri fedha zao, na wengine walisubiri hadi mwaka uliofuata.

Agosti 2022 likaja swali jingine. Serikali ilipozindua ruzuku ya mbolea, mkulima alitakiwa kusajiliwa na kutaja eneo analolima ili apate mfuko kwa bei ya ruzuku. Orodha nyingine ikaanzishwa na mkulima akaulizwa jina lake upya, pamoja na namba ya simu na ekari zake.

Mwaka 2024 minada ya korosho ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi sasa aliweza kushindania mzigo akiwa mbali, na alichotaka kutoka ghalani ni taarifa sahihi za kiasi na ubora kwa wakati.

Kwa hiyo, ndani ya miaka sita, vyama vya msingi katika mazao mbalimbali vimekutana na maswali manne tofauti: nani kaleta, nani ana shamba, nani anastahili ruzuku na mzigo una ubora gani. Kila mara tulianza upya. Kila mara karani yule yule alikaa chini kuandika majina ya watu wale wale.

Nilichokiona Kagera

Niliwahi kukaa siku mbili katika chama kimoja cha msingi mkoani Kagera wakati wa mapokezi ya kahawa ya maganda. Sitakitaja jina kwa kuwa hali yake ni ya vyama vingi.

Mwenyekiti wake, mzee wa makamo anayeijua kazi yake, aliniuliza swali ambalo nililiona jepesi. "Mtaalamu, nataka kujua wanachama ambao mwaka huu wameshusha mzigo kuliko mwaka jana. Nahisi kahawa yao imeuzwa butura."

Kwa msomaji asiyefahamu, butura ni ile biashara haramu ya kununua kahawa ingali mtini, mara nyingi kwa bei ya kumuumiza mkulima mwenye shida. Swali la mwenyekiti lilikuwa la msingi kabisa kwa uhai wa chama.

Taarifa zilikuwepo. Daftari la mwaka huo lilikuwa mezani na la mwaka uliotangulia lilikuwa kabatini. Lakini katika daftari moja wanachama waliandikwa kwa namba na katika jingine kwa majina. Majina yenyewe yaliandikwa kwa namna tofauti kila karani alipobadilika. Tulitumia alasiri nzima tukaishia kata nusu ya kitongoji kimoja.

Pembeni ya ofisi ilikuwepo kompyuta mpakato iliyofunikwa kwa kitambaa. Niliambiwa ililetwa na mradi mmoja ikiwa na programu ya kusajili wakulima kwa ajili ya cheti cha kilimo hai. Mradi ulipokwisha, kijana aliyekuwa akiishughulikia aliondoka na neno la siri. Ndani ya mashine ile yapo majina ya mamia ya wakulima na pengine mashamba yao. Chama hakiwezi kuyafungua.

Nilijifunza mambo mawili. Kwanza, chama kilikuwa na taarifa nyingi lakini hakikuwa na habari. Pili, kununua mfumo mpya hakukutatua tatizo kwa sababu mfumo ule ulijengwa kujibu swali la mwenye cheti, na mwenye cheti alipoondoka uliondoka naye.

Mfumo wa taarifa ni nini hasa

Makampuni makubwa huwa na kile ambacho wataalamu wa kompyuta hukiita mfumo wa akili ya biashara. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni utaratibu wa hatua tatu: kuandika kinachotokea, kukipanga mahali pamoja, na kukisoma kwa namna itakayomsaidia mwenye biashara kuamua.

Chama cha msingi kina hatua zote tatu hata kama hakina umeme. Karani wa mizani anaandika. Mhasibu anapanga. Bodi inasoma na kuamua.

Mifumo mingi hufia kwenye hatua ya kwanza, na makosa yanaonekana kwenye hatua ya tatu. Karani huagizwa aandike kile tu ambacho ripoti ya mwaka huo inakihitaji. Ripoti ikibadilika, hakuna wa kurudi nyuma kuandika kile kilichoachwa, kwa sababu kahawa ilishaondoka.

Chukua mfano huu. Mwanachama analeta kilo 180 za maganda kutoka vibanja viwili. Kibanja cha nyumbani kimetoa kilo 120 na kile cha urithi upande wa pili wa kijito kimetoa kilo 60. Karani anajumlisha na kuandika 180, kwani malipo ni yale yale. Kwa swali la malipo, hajakosea. Kwa swali la shamba, ameshaharibu kila kitu, na hakuna programu ya kompyuta, hata ingeuzwa kwa dola, itakayoweza kuzitenganisha kilo zile tena.

Andika tukio, ripoti itafuata

Kanuni ya kwanza ya mfumo unaoweza kubadilika basi ni hii: andika tukio lenyewe kwa kipimo chake kidogo kabisa. Tukio ni mzigo mmoja, kutoka shamba moja, la mtu mmoja, siku moja, kwenye mizani moja. Kujumlisha ni kazi ya baadaye. Aliyeandika vipande anaweza kupata jumla wakati wowote, lakini aliyeandika jumla hawezi kuvipata vipande.

Kanuni ya pili ni namba isiyobadilika. Mwanachama awe na namba moja ya kudumu, na kila shamba liwe na yake. Mzee akifariki na kibanja kurithiwa, namba ya shamba ibaki ile ile, kinachobadilika ni mwenye shamba. Tukifanya hivyo, mwenyekiti wa kule Kagera atapata jibu lake la butura kwa dakika chache.

Kanuni ya tatu ni kutenganisha taarifa na ripoti. Taarifa za matukio zikae mahali pake zisiguswe. Ripoti ya Bodi ya Kahawa, ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ya benki na ya mnunuzi wa Ulaya ni madirisha tofauti yanayotazama nyumba moja. Dirisha moja likihitaji kupanuliwa, hatubomoi nyumba.

Faida yake ni kubwa hata kama hakuna Mzungu anayenunua. Chama kinachojua idadi ya miti na kilo za kila shamba kinaweza kumwona mwanachama mwenye miti 200 anayeleta tani tano za maganda, wakati wastani huo wa kilo 25 kwa kila mti haufikiki. Huyo anapitisha kahawa ya watu wengine. Chama hicho hicho kinaweza kumwonyesha ofisa wa benki historia ya uzalishaji ya mwanachama anayeomba mkopo.

Kosa dogo, hasara kubwa

Kwa upande wa majiranukta, tahadhari inahitajika. Sheria inataka angalau tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Karani akiridhika na tatu, au programu ya mahesabu ikizikata bila yeye kujua, kosa linaweza kufika takriban mita 100. Katika kijiji chenye vibanja vya nusu ekari, mita 100 ni shamba la jirani wa tatu. Kando ya hifadhi, mita 100 ni ndani ya msitu.

Kuna kosa jingine la alama moja tu. Bukoba ipo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa, karibu na -1.33, na longitudo ni karibu 31.81. Ukiisahau ile alama ya kutoa, kibanja cha Bukoba kinahamia Uganda, upande wa Masindi. Ukizibadilisha nafasi namba hizo mbili, kibanja kinaangukia magharibi mwa Algeria, ambako hakuna mbuni hata mmoja.

Mfumo mzuri unamkatalia karani hapo hapo. Unajua mipaka ya kata yake na hauipokei nukta iliyo nje. Kuirekebisha nukta hiyo shambani ni kazi ya dakika moja, na ikigundulika mzigo ukiwa bandarini ni hasara.

Ikumbukwe pia kuwa kibanja chetu chenye migomba, kahawa na miti ya kivuli kinaweza kuonekana kama msitu kwenye picha ya setilaiti. Sheria yenyewe haikiiti msitu, kwa sababu ardhi inayotumika zaidi kwa kilimo imetolewa katika tafsiri ya msitu. Lakini anayepaswa kulieleza hilo kwa ushahidi ni mwenye kumbukumbu. Chama kilichoandika kibanja kilipandwa lini kitajitetea, na kisicho na maandishi kitanyamaza.

Gharama zinabebeka

Swali la haki ambalo viongozi wa vyama huuliza ni nani atalipa. Tupige hesabu ya mfano.

Tuseme chama kina wanachama 600 na kila mmoja ana mashamba mawili. Hayo ni mashamba 1,200. Tukitoa nusu saa kwa kila shamba, pamoja na kutembea, tunapata saa 600. Vijana wawili wanaofanya kazi saa sita kwa siku watamaliza kwa siku 50. Tukiwalipa Sh 20,000 kwa siku kila mmoja, ni Sh milioni mbili. Simu mbili za Sh 400,000 zinaongeza Sh 800,000.

Iwapo chama hicho kinakusanya kilo 200,000 za maganda kwa msimu, jumla ya Sh milioni 2.8 ni sawa na Sh 14 kwa kilo, na inalipwa mara moja. Kinachobaki kila msimu ni kuongeza mashamba mapya na kurekebisha yaliyogawanywa au kuuzwa.

Hesabu hii itatofautiana kati ya mahali na mahali. Milimani vijana watatembea zaidi, na kwenye chama kidogo gharama kwa kilo itapanda. Lakini inatosha kuonyesha kuwa jambo hili lipo ndani ya uwezo wa ushirika. Halihitaji kusubiri mfadhili.

Ramani ni ya nani?

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote, na haizungumzwi vya kutosha.

Makampuni yanayosafirisha kahawa yana fedha, yana watalaamu na yana haraka. Yapo tayari kutuma watu wao vijijini kupima mashamba bila kumtoza mkulima hata senti. Chama kinachotazama gharama kitaona ni msaada, na mara nyingi ni msaada kweli.

Lakini tuulize, mwisho wa kazi majiranukta yale yanakaa wapi? Yakikaa kwenye mtambo wa mnunuzi peke yake, chama kimeuza kitu ambacho hakijui thamani yake. Msimu ujao akija mnunuzi wa pili mwenye bei nzuri zaidi, atauliza ushahidi wa mashamba, nacho chama hakitakuwa nao. Kitalazimika kumuuzia yule wa kwanza kwa bei anayoitaka.

Ushirika wa kahawa nchini uliasisiwa ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. Chama cha KNCU kule Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1933 kikiwa na lengo hilo. Itakuwa kejeli kama karibu karne moja baadaye tutaurudisha utegemezi ule kupitia ramani.

Aidha, hizi ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu kuwa na sababu halali na kumweleza zitatumika kwa kazi gani. Mkulima anayepigiwa picha kibanja chake ana haki ya kuelezwa nani atakiona. Mkataba wowote wa upimaji useme wazi kuwa nakala kamili ya taarifa, katika mfumo unaosomeka na programu nyingine, inabaki kwa chama.

Kwa nini tusisubiri

Wapo wanaoshauri tusubiri. Hoja yao si ya kupuuza. Sheria ilitakiwa ianze kutumika kwa makampuni makubwa 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Desemba 2025 ikarekebishwa tena na tarehe ikawa 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa yale madogo.

La kuvutia ni sababu iliyotolewa na Kamisheni ya Ulaya mwaka 2025 ilipoomba muda. Ilisema mtambo wake wenyewe wa kupokea matamko ya wafanyabiashara ungezidiwa na wingi wa kazi. Basi hata wenye fedha na wataalamu, mfumo uliotengenezwa kwa makadirio ya awali haukumudu mahitaji yalivyokuja kuwa. Kisha mahitaji yenyewe yakabadilishwa, na wajibu wa kuwasilisha tamko ukabaki kwa yule anayeingiza bidhaa sokoni kwa mara ya kwanza badala ya kila mmoja katika mnyororo.

Mimi nasoma somo tofauti na wale wanaosema tusubiri. Chama kilichojenga mfumo wake kwa kufuata kila neno la sheria ya kwanza kimepata hasara, maana baadhi ya fomu zake hazina kazi tena. Chama ambacho hakikufanya lolote nacho hakina kitu. Ila chama kilichoandika shamba, mtu, siku na kilo hakijapoteza hata mstari mmoja, kwa sababu taarifa hizo zinahitajika kwa sheria ya kwanza, ya pili na hata kama ingefutwa kesho.

Wengine wanasema tuuze Asia na Uarabuni, tuachane na Ulaya. Masoko hayo ni mazuri na tuyatafute. Lakini muuzaji aliyefungiwa mlango mmoja hujulikana, na wanunuzi wa milango iliyobaki humpa bei ya mtu asiye na pa kwenda.

Nini kifanyike

Kwanza, vyama visinunue programu kabla ya kurekebisha daftari la mapokezi. Kuongeza safu moja ya namba ya shamba kwenye daftari la karatasi ni hatua kubwa kuliko kompyuta isiyo na mtu wa kuiendesha. Zoezi hili lianze kabla mizani haijafunguliwa.

Pili, vyama vikuu vibebe kazi ambayo chama cha msingi hakiwezi: kutunza nakala, kufundisha makarani na kukagua nukta zilizo nje ya mipaka. Neno la siri lisiwe la mtu mmoja. Liwe mali ya ofisi, kama ulivyo ufunguo wa ghala.

Tatu, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo tayari ina mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama, MUVU, ikae na Bodi ya Kahawa na wasimamizi wa ruzuku ya mbolea wakubaliane namba moja ya mkulima na moja ya shamba. Mkulima yule yule asiulizwe ekari zake mara nne na ofisi nne za Serikali moja.

Nne, wanachama nao waulize. Kwenye mkutano mkuu tumezoea kuuliza bei na makato. Tuongeze swali la tatu: taarifa za mashamba yetu ziko wapi na nani anaweza kuzifungua?

Soko litauliza swali jingine baada ya hili. Huenda likawa la maji, la viuatilifu au la kima cha malipo ya vibarua. Hatuwezi kulijua leo, wala si lazima. Tunachoweza ni kuhakikisha kuwa mama mwenye kibanja cha nusu ekari, anayeshusha gunia lake kwenye mizani, ameandikwa kwa namna ambayo swali lolote likija, gunia lake lina jibu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ni kweli. Lakini mali yenye daftari la swali la jana hupotea pia, tena mbele ya macho ya karani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.